Kilimo hai Mara: Kukosa pesa ya mbolea si sawa na kulima bila kemikali

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MTU anayepita soko la Nyasho mjini Musoma asubuhi, au anayemsubiri mama wa mboga mlangoni mwake katika mitaa ya Iringo na Mwigobero, hakosi kusikia neno moja likirudiwa: “ya kienyeji”. Mchicha ni wa kienyeji, kuku ni wa kienyeji, na hata nyanya iliyopulizwa dawa juzi huweza kuitwa ya kienyeji alimradi imetoka Butiama au Bunda na haikuletwa na lori kutoka mbali. Mnunuzi hulichukua neno hilo kama cheti cha usalama, akalipa na kuondoka zake.

Katika miaka ya karibuni neno hilo limepata mwenzake, “kilimo hai”, na kwa watu wengi wa mjini maneno hayo mawili yamekuwa kitu kimoja. Dhana iliyoenea ni kwamba kuna mashamba ya aina mbili tu: lile linalotiwa mbolea ya dukani na kupulizwa sumu, na lile la asili lisilotiwa chochote. La kwanza ni baya kwa afya, la pili ni jema. Mjadala huishia hapo.

Ukweli ni kwamba mashamba mengi ya Mara hayamo katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Mkulima ambaye hakutia mbolea ya viwandani kwa sababu hakuwa na fedha, wala hakutia samadi kwa sababu zizi liko mbali na shamba, hafanyi kilimo hai. Anachofanya ni kuchota rutuba ya ardhi mwaka baada ya mwaka bila kuirudisha. Chakula chake huenda hakina kemikali, lakini shamba lake linakufa taratibu, na mtoto atakayelirithi atavuna pungufu ya alichovuna babaye. Bila kulitambua fungu hili la tatu, ambalo maofisa ugani huliita kilimo cha mazoea, ni vigumu kuelewa lolote katika ubishi wa mbolea za chumvichumvi na kilimo hai.

Kilimo hai ni nini hasa

Kilimo hai kina kanuni zilizoandikwa. Mwaka 2007, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, nchi za Afrika Mashariki zilizindua kiwango chao cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, pamoja na alama ya kubandikwa kwenye bidhaa iliyopewa jina la Kilimohai. Aliyekizindua alikuwa Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa. Miaka 2 kabla yake, mwaka 2005, ilikuwa imeundwa taasisi inayounganisha wadau wa kilimo hicho nchini, inayojulikana kwa kifupi cha TOAM.

Kanuni hizo hukataza mbolea zinazotengenezwa viwandani kwa kemikali, viuatilifu vya kemikali na mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Watu wengi huishia kwenye makatazo hayo. Sehemu ya pili ya kanuni ndiyo ngumu zaidi, kwani humtaka mkulima arudishe rutuba kwa samadi, mboji na mimea jamii ya kunde, abadilishe mazao kwa mzunguko, azuie mmomonyoko, awe na namna ya kupambana na wadudu, na aweke kumbukumbu za yote hayo zinazoweza kukaguliwa. Kwa maneno mengine, anayeacha mfuko wa mbolea anatakiwa aweke kitu kingine mahali pake, na kitu hicho kina uzito, kina gharama na kinachukua muda wa watu.

Hesabu ya mfuko na mkokoteni

Mmea hautofautishi naitrojeni ya kiwandani na ile ya zizini. Mahindi yanapovunwa na kuondolewa shambani, kila tani moja ya punje, yaani magunia 10 ya kilo 100, huondoka na naitrojeni kati ya kilo 15 na 20, bila kuhesabu fosforasi na potasiamu. Mabua nayo yakilishwa ng'ombe au kuchomwa moto, hasara huongezeka.

Mfuko wa kilo 50 wa urea una asilimia 46 ya naitrojeni, ambayo ni kilo 23. Mkulima huubeba kwa baiskeli kutoka duka la pembejeo mpaka nyumbani. Samadi kavu ya zizi la kawaida la wazi, lililopigwa jua na mvua, huwa na naitrojeni ya karibu asilimia 1 tu. Ili kupata kilo zile zile 23, mkulima anahitaji samadi ya zaidi ya tani 2. Kwa mkokoteni wa ng'ombe unaobeba kilo 400, hizo ni safari zipatazo 6 kwenda shambani na kurudi, pamoja na kupakia, kupakua na kutawanya kwa jembe. Aidha, samadi haitoi virutubisho vyake vyote msimu wa kwanza, bali kidogo kidogo kwa miaka kadhaa.

Anayetazama hesabu hiyo peke yake ataona kuwa samadi imeshindwa. Hata hivyo, urea humpa mkulima naitrojeni tu. Samadi huleta pia fosforasi, potasiamu na madini mengine, na zaidi ya yote huleta mboji inayoufanya udongo ushikamane na kuhifadhi maji. Katika mashamba ya kichanga yaliyo mengi pembezoni mwa Ziwa Victoria, ambako mvua ikikatika wiki 2 mahindi hujikunja majani, uwezo huo wa kushika maji huweza kuamua kama kuna mavuno au hakuna. Mbolea zenye amonia, zikitumiwa peke yake miaka mingi mfululizo, huuongezea udongo tindikali, na huko tuendako mkulima hulazimika kununua chokaa ya kuurekebisha.

Mkoa wa Mara una bahati katika jambo hili. Wakurya, Wazanaki, Wajita, Waikizu na jirani zao ni watu wa ng'ombe tangu enzi, na mifugo ipo kwa wingi. Samadi nyingi, hata hivyo, huishia kurundikana mabomani. Kuifunika kwa majani au kuijengea paa la nyasi hupunguza naitrojeni inayopotea hewani na kusombwa na mvua, na kazi hiyo haihitaji fedha.

Mbolea ya viwandani nayo isibezwe. Mjerumani Fritz Haber alipofaulu mwaka 1909 kuunganisha naitrojeni ya hewani na hidrojeni, na Carl Bosch akaigeuza kazi ya maabara kuwa ya kiwanda miaka michache baadaye, binadamu aliondokana na utegemezi wa samadi na mifupa. Sehemu kubwa ya watu waliopo duniani leo wanakula chakula kilichopatikana kwa uvumbuzi huo. Viongozi wa Afrika waliokutana Abuja mwaka 2006 waliweka lengo la kufikia kilo 50 za virutubisho kwa kila hekta. Tanzania ilibaki chini ya kilo 20, na kiasi kikubwa cha hicho kidogo hutumika Nyanda za Juu Kusini, si Kanda ya Ziwa.

Bei ndiyo hutawala. Mbolea ilipopanda maradufu katika soko la dunia mwaka 2021 na 2022, kutokana na kupanda kwa gesi na kisha vita vya Urusi na Ukraine, Serikali ilianzisha ruzuku kwa msimu wa 2022/23, na mfuko wa kilo 50 wa DAP ukashushwa hadi Sh70,000. Kwa mkulima wa Kiabakari anayevuna magunia 6 ya mahindi kwa ekari, hata bei hiyo ya ruzuku si fedha ya kutoa mfukoni bila kufikiri.

Kwa nini tafiti hupingana

Wapo wanaosema kilimo hai hupunguza mavuno, na wapo wanaosema huyaongeza. Wote wana tafiti za kuonyesha, na wote wanasema kweli.

Katika jaribio la muda mrefu lililoanzishwa Uswisi mwaka 1978, mashamba hai yalitoa mavuno pungufu kwa takriban asilimia 20 yakilinganishwa na yale ya kemikali, ingawa yalitumia virutubisho na viuatilifu kidogo zaidi na udongo wake ulikuwa na viumbe hai wengi zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Nature ulipata pengo la kati ya asilimia 5 na 34, kutegemea zao na mazingira.

Lakini mwaka 2008 mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia mazingira na biashara, UNEP na UNCTAD, yalitoa ripoti iliyochambua miradi 114 barani Afrika na kueleza kuwa mavuno yalipanda kwa asilimia 116 baada ya wakulima kuanza mbinu za kilimo hai au zinazokaribiana nacho. Kwa Afrika Mashariki ongezeko lilikuwa asilimia 128. Ripoti hiyo imenukuliwa sana na watetezi wa kilimo hai, mara nyingi bila kueleza walikoanzia wakulima hao.

Mkulima wa Ulaya anayeacha kemikali anatoka kwenye shamba lililojaa mbolea na mavuno makubwa, hivyo hushuka. Mkulima wa Kiafrika katika miradi ile alitoka kwenye kilimo cha mazoea, shamba lisilotiwa kitu, hivyo samadi, mboji na mzunguko wa mazao vilimpandisha. Pengine angepanda pia kwa kutumia mbolea ya dukani, na kwa haraka zaidi. Ripoti ile inathibitisha kwamba udongo uliotunzwa hushinda udongo uliotelekezwa. Haithibitishi kuwa samadi huishinda urea.

Kipimo cha karibu zaidi na mazingira yetu kiko nchini Kenya, katika maeneo ya Chuka na Thika, ambako tangu mwaka 2007 watafiti wa taasisi ya FiBL ya Uswisi wakishirikiana na kituo cha icipe cha Nairobi wamekuwa wakilima mashamba ya aina zote mbili ubavu kwa ubavu. Mahindi ya shamba hai lililopewa mboji na samadi ya kutosha yaliyakaribia ya shamba la kemikali, na mazao yakipata bei ya ziada faida nayo ikafikia na kupita baada ya miaka ya mwanzo. Neno la kushika hapo ni “ya kutosha”. Kiasi cha mboji kilichotumika ni kikubwa kuliko kile ambacho kaya nyingi zenye ng'ombe wawili zinaweza kukusanya.

Nchi iliyotaka kuruka hatua hizo ililipa. Aprili 2021 Serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea na viuatilifu vya kemikali, ikitangaza kuwa nchi nzima itakuwa ya kilimo hai. Hapakuwa na samadi wala mboji ya kutosha kujaza pengo. Mavuno ya mpunga yalianguka, chai iliyokuwa ikiingiza fedha za kigeni ikapungua, na kufikia Novemba mwaka huo huo amri ilikuwa imelegezwa. Mwaka uliofuata rais wa nchi hiyo alikimbia maandamano, ingawa mbolea ilikuwa sababu moja tu kati ya nyingi.

Sumu: kutoka shamba la pamba mpaka ziwani

Ikiwa mbolea si tatizo kubwa la mlaji wa Musoma, viuatilifu ni habari nyingine. Mbolea huathiri udongo na maji. Dawa ya wadudu humgusa moja kwa moja anayeipuliza, na masalia yake huweza kufika mezani.

Zao lililoifundisha Mara kutumia bomba la kupulizia ni pamba. Bunda ni wilaya ya pamba tangu wakati wa ukoloni, na watu wazima wa Musoma wanakumbuka kiwanda cha nguo cha MUTEX kilivyotegemea zao hilo. Funza wa vitumba, chawa jani na vidukari hawamwachi mkulima apumue, na dawa huuzwa kwa kipimo cha ekari moja kinachojulikana kwa jina la ekapaki. Wapulizaji wengi huingia shambani bila glavu wala kinyago, wamevaa kandambili, na chupa tupu huoshwa na kutumika tena nyumbani. Afya inayoharibika kwanza hapa ni ya mkulima na watoto wake, kabla ya ya mlaji wa mjini. Jambo hilo husahaulika sana katika mazungumzo ya “chakula salama”.

Wakazi wa Musoma wana sababu ya pekee ya kulikumbuka suala hili. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda baada ya kubainika kuwa baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia viuatilifu kuua samaki. Miongoni mwa sumu zilizotajwa ilikuwa endosalfani, dawa iliyokuwa ikitumika mashambani dhidi ya wadudu wa pamba. Viwanda vya minofu vya kando ya ziwa, vikiwamo vya Musoma, vilitikisika kwa miezi kadhaa. Endosalfani iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya kemikali za kukomeshwa chini ya Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Mei 2025 nchi wanachama zilikubaliana kuiongeza klopirifosi katika orodha hiyo, zikiacha misamaha kwa baadhi ya matumizi.

Pamba hailiwi, ingawa mbegu zake hukamuliwa mafuta. Nyanya, kabichi na sukuma wiki huliwa. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha walichapisha matokeo ya vipimo vya mboga mbichi nchini, na karibu nusu ya sampuli zilikuwa na masalia ya viuatilifu, nyingi kati ya hizo zikipita viwango vinavyoruhusiwa. Sababu yake inajulikana kwa kila mtu wa shamba. Dawa nyingi zina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye kibandiko, lakini nyanya ikiiva na mchuuzi akifika na fedha mkononi, mkulima hangoji. Wengine huchanganya dawa mbili au tatu katika bomba moja. Ule unga mweupe unaoonekana kwenye nyanya sokoni mara nyingi ni wa dawa ya ukungu, na mojawapo ya dawa hizo, mankozebu, iliondolewa katika matumizi ya Umoja wa Ulaya mwaka 2021. Kuosha kwa maji mengi na kumenya hupunguza masalia yaliyo juu ya ganda, si yale yaliyopenya ndani. Udhibiti wa viuatilifu nchini uko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao Arusha.

Neno “asili” nalo lisimlaghai mtu. Utupa ni mmea wa asili, na babu zetu waliutumia kulewesha samaki kabla ya dawa za dukani kuja. Tumbaku ina nikotini, ambayo ni sumu kali. Kilimo hai chenyewe huruhusu baadhi ya dawa, zikiwamo pareto na mrututu kwa masharti. Sumukuvu, iliyoua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016, hutokana na ukungu wa mahindi yasiyokaushwa vizuri, na haijali kama shamba lilitiwa urea au samadi.

Hata kinyesi cha ng'ombe hakikukosa kesi. Machi 2022 samaki walikufa kwa wingi katika Mto Mara, eneo la daraja la Kirumi, na maji yakabadilika rangi na harufu. Kamati iliyoundwa na Serikali ilisema hewa ya oksijeni katika maji ilipungua kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi, wakiangalia migodi iliyo jirani na mto, hawakuridhika na maelezo hayo na walisema hivyo hadharani. Kisayansi, hata hivyo, samadi ikirundikana ndani ya maji badala ya shambani humaliza oksijeni, na naitrojeni yake hulisha gugumaji sawasawa na ile ya urea.

Afya: wanasayansi wanasema nini

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti zaidi ya 200 na hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba chakula hai kina lishe bora kuliko kingine. Walichokiona ni masalia ya viuatilifu: asilimia 7 ya mazao hai yalikuwa nayo, dhidi ya asilimia 38 ya mazao ya kawaida. Miaka 2 baadaye uchambuzi mwingine, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ulieleza kuwa mazao hai yana viondoa sumu vya mwilini vingi zaidi na madini ya kadimiamu kidogo zaidi. Kuhusu saratani, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 uliowafuatilia wanawake wapatao 600,000 haukuona tofauti kwa ujumla, na ule wa Ufaransa wa mwaka 2018 uliona hatari kuwa ndogo kwa robo miongoni mwa wanaokula sana chakula hai. Watu wa aina hiyo, ikumbukwe, huwa pia na kipato kizuri na huvuta sigara kidogo.

Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, mama wa Nyakato anayebana matumizi hana sababu ya kuacha kununua mboga kwa hofu ya sumu. Mboga chache mezani ni madhara ya hakika. Masalia ni ya kupunguzwa kule shambani, na hilo linawezekana hata kwa mkulima asiyetaka cheti chochote.

Mbinu zilizokwisha kufika

Mara haianzii sifuri. Tangu mwaka 1994 shirika la Vi Agroforestry la Sweden lilifanya kazi kutokea Musoma, likieneza miti inayorutubisha udongo kama misesbania na kaliandra, na kuwafundisha wakulima kutengeneza mboji. Kituo chake cha mafunzo cha Bweri kinajulikana na wakazi wa mji.

Ng'ambo ya mpaka, Mbita nchini Kenya, icipe ilibuni miaka ya 1990 mbinu ya vuta-sukuma. Mahindi huchanganywa na mmea wa desmodiamu ambao harufu yake huwafukuza funza wa mabua, na pembeni hupandwa majani ya tembo yanayowavuta nje. Desmodiamu huongeza naitrojeni na, kwa wakulima wa ukanda huu, hufanya jambo kubwa zaidi: huzuia kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Mbinu hiyo imefika Tarime, na tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017 imeonekana kupunguza mashambulizi yao pia. Mifugo hupata malisho, na zizi hupata samadi. Mbegu ya desmodiamu, hata hivyo, haipatikani kila duka, na mwaka wa kwanza palizi ni kubwa.

Palizi hiyo humwangukia nani? Katika kaya nyingi za Mara ni mama na watoto. Wanaosifia kilimo hai wakiwa mijini huhesabu kemikali iliyopungua, mara chache huhesabu saa zilizoongezeka. Mradi wowote usiokuja na mkokoteni, au angalau toroli, huwa unamwongezea mama mzigo kichwani.

Soko na cheti

Mfano mkubwa wa kilimo hai cha biashara uko mkoa jirani wa Simiyu. Huko Meatu, kampuni ya bioRe, yenye asili ya Uswisi, imekuwa ikinunua pamba hai tangu mwaka 1994. Wakulima wake huzungusha pamba na mikunde, hupanda alizeti kuwavuta wadudu mbali na vitumba, na hutumia mchanganyiko wa mwarobaini na mkojo wa ng'ombe. Malipo yao huwa na nyongeza ya karibu asilimia 15 juu ya bei ya soko. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakuu wa pamba hai Afrika. Kahawa ya Kagera na kakao ya Kyela zimepita njia hiyo hiyo.

Mkulima wa Bunda anaweza kuuliza kwa nini asiingie huko. Udongo na mvua havitofautiani sana na vya Meatu. Kizuizi ni cheti. Umoja wa Ulaya hutaka shamba la mazao ya msimu likae miaka 2 ya mpito bila kemikali, na Marekani miaka 3. Katika kipindi hicho mkulima hubeba gharama zote za kilimo hai huku akiuza kwa bei ya kawaida. Jirani akipuliza upande wa upepo, sampuli inaweza kuharibika. Kanuni mpya za Ulaya, zilizoanza kuwabana wakulima wa nje mwaka 2025, zinataka kila kikundi kiwe na usajili wa kisheria na kisizidi wanachama 2,000. Hakuna mkulima mmoja mmoja anayeweza kulipa mkaguzi. Lazima awepo mnunuzi aliyeahidi mapema, au ushirika unaoaminika, na baada ya soko la pamba kuachiwa huru mwaka 1994 ushirika wa kanda hii ulidhoofika sana.

Kwa soko la ndani ipo njia nafuu, ya wakulima wa kikundi kimoja kukaguana wao kwa wao wakishirikiana na walaji, na TOAM kuwaruhusu kutumia alama ya Kilimohai. Morogoro, ambako shirika la SAT limekuwa likifundisha wakulima tangu mwaka 2011 na kuwakutanisha na wafugaji wabadilishane malisho na samadi, limekuwapo hata duka la mjini la mazao hayo. Novemba 2023 Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia hai unaofika mwaka 2030.

Musoma ina wafugaji, ina wakulima wa mboga kandokando ya ziwa na ina walaji wanaouliza. Mpaka kikundi cha namna hiyo kitakapojitokeza, mnunuzi wa Nyasho anaweza kuacha kumuuliza muuzaji kama nyanya ni ya kienyeji, akamuuliza imepulizwa dawa gani na siku ngapi zimepita tangu ipulizwe. Muuzaji aliyenunua kwa mchuuzi hatakuwa na jibu. Mama anayelima mwenyewe bustani yake kando ya ziwa analo.